Kijitabu cha Nukuu za George Eliot Chenye Picha: Mwongozo Kamili wa Kukitengeneza Mwenyewe

Desemba 1871, mwezi uleule sehemu ya kwanza ya riwaya ya Middlemarch ilipotoka Uingereza, kilitoka pia kitabu kidogo cha nukuu zilizodondolewa kutoka riwaya za awali za mwandishi huyohuyo, George Eliot, jina la kalamu la mwanamke wa Uingereza, Mary Ann Evans. Mdondoaji alikuwa Alexander Main, kijana Mskoti aliyeanza kwa kumwandikia mwandishi barua akiuliza jina la riwaya yake Romola linatamkwaje. Kitabu kikapendwa, kikachapwa tena na tena, na mwaka 1878 kikafuatiwa na kitabu cha siku za kuzaliwa: kila tarehe ina nukuu yake, na pembeni nafasi tupu ya kuandika majina ya ndugu na marafiki waliozaliwa siku hiyo.

Eliot mwenyewe aliridhia, lakini moyo wake haukutulia. Alimwandikia mchapishaji wake, John Blackwood, kwamba iwapo wasomaji wataguswa zaidi na mkusanyiko wa madondoo kuliko na kazi zake zikiwa nzima, basi uandishi wake wote umekosea njia. Barua hiyo ndiyo ninayoiweka mezani kila ninapoandaa kijitabu cha namna hii. Naamini kijitabu kizuri cha nukuu kinawezekana, tena kwa Kiswahili, mradi kila nukuu ibaki na mdomo ulioisema na sura ya riwaya ilimotoka, ili msomaji ajue njia ya kurudi kwenye riwaya.

Mwongozo huu ni wa kijitabu cha kurasa 32 chenye nukuu 12 na picha 12, saizi ya A5, unachoweza kukichapa kwenye duka lolote la steshenari lenye printa nzuri. Jipe miezi miwili au mitatu. Muda mwingi utakwenda kwenye kusoma.

Hatua ya 1: Soma kwanza, dondoa baadaye

Riwaya za Eliot ni saba: Adam Bede (1859), The Mill on the Floss (1860), Silas Marner (1861), Romola (1862–63), Felix Holt (1866), Middlemarch (1871–72) na Daniel Deronda (1876). Kabla ya hizo kuna hadithi tatu ndefu zilizokusanywa katika Scenes of Clerical Life (1858). Huhitaji kuzisoma zote kabla ya kuanza. Chagua mbili au tatu, lakini hizo uzisome hadi ukurasa wa mwisho. Mchanganyiko ninaoupendekeza ni Silas Marner, ambayo ni fupi, Adam Bede, ambayo ina maneno ya watu wa shambani yenye ladha ya methali, na Middlemarch, yenye sura 86 pamoja na dibaji na hitimisho lake.

Zote zinapatikana bure kwenye Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni ya vitabu vya zamani. Eliot alifariki tarehe 22 Desemba 1880, kwa hiyo hakimiliki ya maneno yake imekwisha zamani, uwe unahesabu miaka 50 baada ya kifo, kama sheria za Tanzania na Kenya zinavyosema, au 70 kama ya Uingereza. Jihadhari na jambo moja hapa: tafsiri ni kazi nyingine yenye hakimiliki yake. Ukikuta tafsiri ya mtu aliye hai, usiichukue bila ruhusa. Tafsiri mwenyewe, na iwe mali yako.

Hatua ya 2: Weka daftari lenye safu tano

Kila sentensi inapokushika, iandike siku hiyohiyo kwenye daftari au jedwali la kompyuta ukijaza safu hizi: maneno yenyewe kwa Kiingereza, riwaya na sura, nani anasema, anamwambia nani, na nini kimetokea muda mfupi kabla. Safu ya nne na ya tano ndizo watu wanaoziruka, na ndizo zitakazokuokoa.

Mfano upo kwenye Adam Bede, sura ya 53, kwenye karamu ya mavuno. Bi Poyser, mke wa mkulima, anajibizana na mwalimu Bartle Massey, mtu anayewadharau wanawake waziwazi. Bi Poyser anamjibu: “Sikatai kwamba wanawake ni wapumbavu: Mwenyezi Mungu aliwaumba walingane na wanaume.” Sasa ikate sentensi hiyo katikati. Nusu ya kwanza ikibaki peke yake, umemfanya mwanamke mwenye ulimi mkali kuliko wote katika riwaya hiyo awatukane wanawake wenzake, na chini yake umeandika jina la George Eliot kana kwamba ni imani yake. Hata ukiiweka nzima, msomaji asiyejua kwamba kuna mwanamume mwenye kiburi upande wa pili wa meza atacheka nusu tu. Ndiyo sababu chini ya nukuu hii huwa naandika mstari mmoja mdogo: Bi Poyser akimjibu mwalimu Massey.

Tofautisha pia sauti ya mhusika na sauti ya msimulizi. “Tunaishi kwa ajili gani, kama si kupunguziana ugumu wa maisha?” ni maneno ya Dorothea katika Middlemarch, sura ya 72, akimtetea daktari Lydgate anayeshukiwa na mji mzima, huku wanaume waliomzunguka wakimshauri asijiingize. Ni swali la mtu aliyechoka na tahadhari za wenzake. Ukilichapa kama wosia mtulivu wa mwandishi, umelipunguzia moto wake.

Mtego mwingine ni vile vipande vya mashairi na maneno vinavyotangulia sura. Silas Marner inafunguliwa na mistari ya mshairi Wordsworth kuhusu mtoto, na wengi wameibeba kama ya Eliot. Katika Middlemarch kila sura ina kipande chake mwanzoni: vyenye jina chini ni vya watu wengine, na visivyo na jina kwa kawaida ni vyake mwenyewe.

Hatua ya 3: Hakiki kila neno

Nukuu inayosambaa sana kwa jina lake, ile isemayo kwamba hujachelewa kamwe kuwa vile ambavyo ungeweza kuwa, haijapatikana katika riwaya, mashairi wala barua zake. Nimeiona kwenye vikombe, kalenda na kadi za mahafali, na inaniuma kila mara, kwa sababu Middlemarch imejaa watu ambao kweli walichelewa, na huruma yake kwao imo katika kukiri hivyo. Nyingine ni ile ndefu kuhusu faraja isiyoelezeka ya kujisikia salama mbele ya mtu, bila haja ya kupima maneno wala kuchuja mawazo. Hiyo ipo kweli, ila ni ya Dinah Craik, katika riwaya yake A Life for a Life ya mwaka 1859.

Namna ya kuhakiki ni hii. Pakua riwaya kama faili la maandishi matupu. Chagua maneno matatu au manne yasiyo ya kawaida kutoka kwenye nukuu, uyatafute. Usitafute sentensi nzima, kwa kuwa mistari ya faili hukatika katikati na alama za vituo hutofautiana kati ya toleo na toleo. Ukiipata, soma aya mbili kabla na mbili baada. Kisha fungua nakala iliyoskaniwa ya toleo la zamani, hifadhi ya mtandaoni ya Internet Archive wanazo nyingi, ulinganishe herufi kwa herufi. Mwandishi huyu alirekebisha vitabu vyake. Toleo la Middlemarch la mwaka 1874, kwa mfano, lina mabadiliko katika kurasa za mwisho kabisa, kwa hiyo ukurasa wa pili wa kijitabu chako uandike ni toleo gani ulilotumia.

Usipoipata kwenye kazi yoyote, iache, hata kama ni tamu kiasi gani.

Hatua ya 4: Chagua 12

Daftari likifikia madondoo 40 au 50, anza kupunguza. Mimi hutumia kipimo kimoja: je, nikimsomea kwa sauti mtu asiyemjua George Eliot, atauliza “kisha ikawaje?” Nukuu inayozaa swali hilo inabaki. Ile inayomfanya aitikie kwa kichwa na kuendelea na shughuli zake inaondoka.

Changanya urefu. Nukuu 12 za mstari mmoja mmoja zinachosha kama mahubiri mafupi mafupi. Weka za mstari mmoja sita, za mistari minne hadi sita nne, na mbili ndefu za kujaza ukurasa. Changanya pia sauti: Bi Poyser akae karibu na msimulizi mzito wa Middlemarch, wapumzishane.

Hatua ya 5: Tafsiri

Hapa ndipo nakaa muda mrefu kuliko mahali popote.

Chukua ile ya Middlemarch, sura ya 20. Tafsiri yangu ya sasa inasema: “Kama tungekuwa na macho makali na hisia kali juu ya maisha yote ya kawaida ya binadamu, ingekuwa kama kusikia majani yakiota na moyo wa kindi ukidunda, nasi tungekufa kwa mvumo ule ulioko ng’ambo ya ukimya.” Rasimu ya kwanza ilikuwa na “ngurumo”. Nililiondoa kwa sababu ngurumo ina chanzo: ni radi, ni simba, ni lori, unaweza kuinyooshea kidole. Mvumo ni wa bahari na upepo, unatoka kila upande kwa pamoja, na ndivyo alivyokusudia, kwamba mateso ya kawaida yako kila nyumba na hayasikiki kwa sababu yameenea mno. Neno moja lilinichukua wiki nzima. Nawe ruhusu neno moja likuchukue wiki.

Kiswahili kitakusaidia mahali usipotarajia. Katika swali la Dorothea, kile kiambishi cha kutendana ndani ya “kupunguziana” kinabeba kwa silabi mbili jambo ambalo bila hicho lingehitaji maneno mengine kadhaa.

Kishawishi kikubwa ni methali. Bi Poyser anasema mtunza bustani Craig ni kama jogoo aliyedhani jua limechomoza ili limsikie akiwika. Mswahili akisikia hivyo, ulimi unakimbilia “jogoo awike asiwike, kutakucha”. Usiibadilishe. Methali yetu inasema juu ya kukucha, kwamba kuna mambo hayamngoji mtu. Bi Poyser anasema juu ya jogoo mwenyewe na kujiona kwake. Ndege ni yuleyule, shabaha ni nyingine. Iache taswira yake isimame, na msomaji atafurahi kukutana na jogoo wa Uingereza anayefanana na wa kwao.

Maliza kila tafsiri, ilaze siku tatu, kisha msomee mtu kwa sauti. Pale anapokunja uso au kuomba urudie, pana kosa. Asili ya Kiingereza iweke chini ya Kiswahili kwa herufi ndogo, ili anayetaka kukusahihisha apate pa kuanzia.

Hatua ya 6: Picha

Una njia tatu, na unaweza kuzichanganya.

Ya kwanza ni picha za kale. Romola ilipotoka kwa mfululizo katika jarida la Cornhill, kuanzia Julai 1862 hadi Agosti 1863, ilipambwa na michoro ya Frederic Leighton iliyochongwa kwenye mbao: Florence ya karne ya 15, mavazi, ngazi, nyuso. Eliot na Leighton waliandikiana kuhusu michoro hiyo, na mwandishi alifika mahali pa kukubali kwamba kalamu ya maneno na ya mchoro haziwezi kulingana kabisa, na kwamba picha ni kama muziki wa ufunguzi kabla ya maandishi. Hugh Thomson naye alichora picha za Scenes of Clerical Life (1906) na Silas Marner (1907). Leighton alifariki 1896 na Thomson 1920, kwa hiyo kazi zao ni huru. Kwa msanii mwingine yeyote angalia mwaka wa kifo chake, kwa kuwa toleo la riwaya ya zamani linaweza kuwa na picha za mtu wa juzi. Soma pia masharti ya mahali unapopakulia, maana makumbusho mengine huweka masharti juu ya picha walizopiga wenyewe, hata kama mchoro ni wa kale.

Usimweke Romola wa Leighton kando ya maneno ya Dorothea. Kati ya wanawake hao kuna zaidi ya karne tatu, na msomaji makini ataacha kukuamini.

Njia ya pili ni picha za mnato unazopiga mwenyewe: dirisha, kikombe, kiganja, njia yenye nyasi. Ya tatu, niipendayo, ni kumtafuta mchoraji. Mlipe, na mwandikishane kwa maandishi kwamba unaruhusiwa kuchapa nakala ngapi. Mpe zile safu mbili za mwisho za daftari lako, kisha mwambie achore pale maneno yaliposemwa.

Nifafanue, kwa kuwa vijitabu vingi huharibikia hapa. Ukimpa mchoraji ile nukuu ya mvumo bila maelezo, atakuchorea kindi. Kindi mzuri pengine, mwenye mkia mkubwa, na ukurasa utafanana na kitabu cha watoto. Lakini maneno yale yanatokea Roma. Dorothea, bi harusi wa wiki chache, amejifungia katika chumba cha ndani kwenye nyumba ya kifahari mtaa wa Via Sistina, analia peke yake, na msimulizi anasema machozi ya namna hiyo si jambo la ajabu, ndiyo maana hatuyasikii. Picha inayotakiwa ni mlango uliofungwa, au kiti kando ya dirisha na mji mkubwa nje.

Wakati mwingine maneno na mahali vinakutana, hapo uwe jasiri. Mwisho wa sura ya 14 ya Silas Marner, baada ya mfumaji mpweke aliyeibiwa dhahabu kumpata mtoto mwenye nywele za dhahabu kwenye kibanda chake, msimulizi anasema: “Siku za kale walikuwapo malaika waliokuja wakawashika watu mikono, wakawatoa katika mji wa maangamizi. Siku hizi hatuwaoni malaika wenye mabawa meupe. Hata hivyo watu wangali wanaokolewa na maangamizi: mkono hutiwa katika mkono wao, ukawaongoza taratibu hadi nchi tulivu yenye nuru, wasitazame tena nyuma, na mkono huo unaweza kuwa wa mtoto mdogo.” Hapo chora mikono miwili, mmoja mkubwa uliokomaa kwa kazi ya kufuma. Usiongeze kitu.

Hatua ya 7: Panga kurasa

Kurasa 32 zigawe hivi: wa 1 jina la kijitabu, wa 2 taarifa za toleo na haki, wa 3 utangulizi. Kuanzia 4 hadi 27 ni jozi 12, picha kushoto, nukuu kulia. Wa 28 na 29 weka maisha ya mwandishi kwa ufupi, wa 30 orodha ya nukuu na sura zake, wa 31 majina ya waliosaidia, wa 32 uache wazi.

Katika utangulizi, sema mapema kwamba George Eliot ni mwanamke: Mary Ann Evans, aliyezaliwa tarehe 22 Novemba 1819 karibu na Nuneaton, Warwickshire, na kuanza kutumia jina hilo la kiume mwaka 1857. Kwa Kiswahili jambo hili ni la lazima. “Aliandika”, “alisema”, “alifariki” havitofautishi mke na mume, na msomaji anaweza kufika ukurasa wa 32 akiwa bado anamwona mzee mwenye ndevu.

Maneno yasichapwe juu ya picha. Itazame khanga: pindo lina kazi yake, mji una wake, na jina limepewa mahali pake pa kusomeka. Ukurasa wako nao uwe hivyo. Pambizo ziwe pana, sentimita 2 au zaidi upande wa mkunjo. Herufi za nukuu saizi ya 14 au 16, asili ya Kiingereza 9, na maelezo ya chini kwa mtindo mmoja kote: msemaji, riwaya, sura, mwaka.

Picha zote ziwe na nukta 300 kwa inchi katika saizi ya kuchapwa. Picha ya upana wa sentimita 10 inahitaji pikseli 1,200 hivi. Picha iliyotumwa kwa simu mara kwa mara haifiki, hata kama inang’aa kwenye kioo, kwa hiyo omba faili lenyewe.

Hatua ya 8: Chapa

Kurasa 32 za A5 ni karatasi 8 za A4, zikichapwa pande zote mbili na kukunjwa katikati. Idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne. Hifadhi kazi kama PDF, kisha kwenye programu ya kuchapia chagua mpangilio wa kijitabu. Kuthibitisha ni rahisi: kurasa mbili zilizo upande mmoja wa karatasi jumla yake iwe 33 daima, 1 na 32, 2 na 31, hadi 16 na 17.

Karatasi ya gramu 80 inaonyesha picha ya upande wa pili, kwa hiyo omba ya 100 au 120. Jalada liwe la manila au karatasi nyingine ngumu. Chapa nakala moja kwanza, uisome yote ukiwa na penseli mkononi, ndipo uagize nyingine. Pini mbili kwenye mkunjo zinatosha, ila tumia stepla ya mkono mrefu, kwa maana ya kawaida haifiki katikati ya A4. Kingo zikatwe baada ya kukunja, kwa kuwa karatasi za ndani hujitokeza nje kidogo.

Na kwenye ukurasa wa 30, chini ya orodha ya sura, ongeza mistari miwili ya kumwambia msomaji aanzie wapi. Mimi humwelekeza kwenye Silas Marner: sura 21 na hitimisho fupi, zinazosomeka katika wiki moja ya jioni.